Nimetia fremu picha ya miti na maji kichwa chini miguu juu, imetundikwa wiki tatu. Nimwambie mwenye nayo?

#1 FundiFremu

Wakuu, heshima kwenu. Mimi nina fremu ya kuuza fremu (ndiyo, utani huo nimeshausikia wa kutosha). Vyeti, picha za harusi, Ayatul Kursiy, Moyo Mtakatifu, picha za marehemu. Mbao, kioo, kadi nyeupe ya kuzungushia, waya wa kutundikia, kazi imekwisha.

Mwezi uliopita mzee mmoja mstaafu aliniletea nakala ya mchoro, imeviringishwa ndani ya bomba la kadibodi. Bintiye alimnunulia kwenye jumba la makumbusho huko New York. Kwenye bomba kuna kibandiko: Claude Monet, Miti Minne, 1891. Umbo lake karibu mraba kabisa. Ndani kuna vigogo vinne, vyembamba, rangi ya samawati iliyoingiwa na zambarau, vinaanzia ukingo wa juu wa karatasi vinatokea ukingo wa chini kama nondo za dirisha. Chini kidogo ya katikati umepita mstari wa majani, mlalo. Huo ndio ukingo wa mto. Nyuma kuna safu nyingine ya miti inatokomea. Basi. Hakuna mtu, hakuna nyumba, hata ndege hakuna.

Siku hiyo umeme ulikatika. Mzee alikuwa anaitaka jioni ileile, nikafanya kazi kwa tochi ya simu. Saini iko chini pembeni, kadi yangu ikaifunika. Nikafunga, nikapiga misumari, nikakaza waya, nikapeleka.

Jumamosi iliyopita nimekwenda kudai salio, elfu kumi na tano. Nimekaribishwa chai. Nimekaa kwenye kochi, nimeinua macho, naona mstari wa majani uko JUU ya katikati. Chai ikanipalia. Wiki tatu! Pale sebuleni imesomwa hadi arobaini ya shemeji yake, watu wamejaa mpaka barazani, hakuna aliyesema neno. Na mzee mwenyewe, kabla sijafungua mdomo, ananiambia, "Kijana wangu, picha hii inanipumzisha sana."

Nimepokea hela yangu, nikaaga.

Sasa nauliza mawili. Nimwambie? Na la pili ndilo linaninyima usingizi: kama picha inampumzisha mtu ikiwa kichwa chini, huyo mchoraji alikuwa anatuambia nini? Juu na chini vina tofauti gani pale?

#2 chaurongo

Mteja hajalalamika na hela umelipwa. Unamtafutia mzee wa watu presha ya nini? Funga uzi.

#3 Mwalimu wa Jioni

FundiFremu, hauko peke yako, na wenzako walikuwa na umeme. Mwaka 1961 jumba la sanaa ya kisasa la New York, MoMA, walitundika kazi ya mchoraji Matisse inayoitwa Le Bateau, karatasi iliyokatwa inayoonyesha mashua na sura yake majini. Ikakaa kichwa chini siku 47. Inakadiriwa watu zaidi ya laki moja walipita mbele yake. Aliyegundua ni mama mmoja mtazamaji wa kawaida, aliilinganisha na picha iliyomo kwenye katalogi. Hapo pana wataalamu wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo. Kwa hiyo usijilaumu sana.

Lakini angalia hilo: na ile pia ilikuwa kitu pamoja na sura yake majini. Picha za namna hii ndizo zenye mtego.

Nije kwenye swali lako la pili. Hiyo ni moja kati ya picha zaidi ya ishirini alizochora Monet mwaka 1891, zote za miti ileile, mipopla, kwenye kingo za mto Epte, si mbali na kijiji cha Giverny huko Ufaransa alikokuwa anaishi tangu 1883. Mipopla ni miti mirefu myembamba. Mkiwaza ile miti ya ashoki inayopandwa kwenye mageti ya watu hamko mbali. Alichorea ndani ya boti. Boti la chini bapa, lenye mifereji ya kuchomekea kanvasi nyingi kwa pamoja, kwa sababu mwanga ukibadilika anaweka moja anachomoa nyingine. Lilla Cabot Perry, mchoraji wa Kimarekani aliyekuwa jirani yake, amesimulia kwamba picha moja kati ya hizo ilikuwa na dakika saba tu za kuchorwa kwa siku. Jua likiacha jani fulani, anaiweka chini mpaka kesho.

Dakika saba. Chai yako haijapoa.

Sasa, fikiria macho yake yalikuwa wapi. Yuko ndani ya boti, kajikalia chini, macho karibu na maji. Mtu akiwa hivyo, kilichoko majini kinakaribia kulingana na kilichoko juu. Ungesimama kwenye daraja usingedanganyika. Halafu akakata vichwa vya miti kwa fremu ya juu, akakata na sura zake kwa fremu ya chini. Hukuachiwa shina la kuanzia wala kilele cha kumalizia. Mimi naamini alifanya makusudi. Yeye ndiye aliyetega, wewe umenasa tu.

#4 chaurongo

Hahaha yaani kosa sasa ni la Mzungu. Fundi umepata wakili.

#5 Bint Pangani

Nasoma nikiwa na la kusahihisha kabla watu hawajaanza. Naona kwenye simu watu wanaiita hii "picha ya miti na vivuli vyake". Jamani, kile si kivuli. Kwetu mtu aliyekulia kwenye mtumbwi hachanganyi hivi viwili.

Kivuli kinalifuata jua. Asubuhi kinaangukia huku, jioni kule, saa sita kinajificha chini ya mti. Sura ya mti majini haina habari na jua liko wapi. Inakufuata wewe unayeangalia. Nikipiga kasia kupita mikoko, sura ya kila mkoko inaelekea kwangu, na ya mbele yake hivyohivyo, kama zinanipokezana. Aliye mtumbwi wa pili anaona zinaelekea kwake. Kila mtu na zake.

Na kingine. Maji yakijaa, asubuhi kabla pepo hazijaamka, unaona mkoko na mizizi yake ya juu na mizizi yake ya chini, huwezi kusema ipi ya kweli mpaka kitu kidondoke majini. Ikifika kama saa nne upepo unaingia. Hapo sura haitanuki. Inarefuka. Inavutwa kuja kwako, inakatika vipande vya mlalo, lakini kwa upana inabaki ileile. Mmeshaona karabai ya wavuvi wa dagaa usiku? Taa yenyewe ukubwa wa chungwa, majini inachora mstari mrefu mpaka miguuni kwako.

Kwa hiyo FundiFremu, tazama kingo za vigogo. Upande ambao kingo zimenyooka ndio miti. Upande ambao zinatetereka na zimechanwachanwa ndio maji. Hutahitaji saini.

#6 FundiFremu

Dada Bint Pangani, ungekuwepo dukani usiku ule. Kwa tochi ya simu kila kitu kinatetereka.

Nimeitafuta picha mtandaoni nikaikuza. Kweli kabisa. Juu brashi imeshuka na kigogo, chini imepita kwa mlalo juu ya kigogo, kama mtu anapaka siagi mkate. Kwa saizi ya karatasi niliyoletewa hilo halionekani kirahisi.

#7 Mlingoti

Habari zenu kutoka Njombe, baridi kali huku. Mimi sijui uchoraji, ila miti naijua. Nimeifungua hiyo picha, cha kwanza nilichoona ni kwamba hiyo ni miti ya kuuza. Hatua sawa kutoka mti hadi mti, mstari mmoja, vigogo vimepogolewa matawi ya chini ili visiwe na vifundo. Hakuna msitu wa Mungu unaoota hivyo. Mimi nina milingoti na mipaina, nikisimama kwenye kona ya shamba naona hayohayo, nondo nondo nondo. Nyie mnaona utulivu, mimi nahesabu mbao. Hiyo iko tayari kuvunwa.

#8 Mwalimu wa Jioni

Mlingoti, naomba nikuvulie kofia. Umeona jambo ambalo wengi wanalisoma kwenye vitabu.

Miti ile ilikuwa imeshapangiwa mnada. Ilikuwa mali ya kijiji cha Limetz, na kiangazi cha mwaka uleule wa 1891 wakaamua kuiuza isimame ilivyo, mnunuzi akate apasue mbao. Mipopla inakua haraka na kule mbao zake ni za makasha, njiti za kiberiti, vitu vya namna hiyo. Monet alikuwa katikati ya kazi. Alimwendea meya, akaomba mnada uahirishwe, akakataliwa. Akamwendea mfanyabiashara wa mbao aliyetaka kununua. Akamwuliza, uko tayari kufika bei gani? Ikizidi hapo nitaongeza mimi, wewe nunua, ila uniachie miti isimame mpaka nimalize. Ikawa hivyo. Alipomaliza, ikakatwa.

#9 Mlingoti

Kwa hiyo alikodi miti.

#10 Mwalimu wa Jioni

Ndiyo, unaweza kusema alikodi miti.

#11 Mlingoti

Basi hiyo picha naielewa kuliko nyie wote. Mimi kuna shamba la marehemu baba nililiuza 2019, mnunuzi akachelewa kuja kukata miezi minne. Nilikuwa napita pale. Miti imesimama lakini si yangu na haina siku nyingi. Unaitazama tofauti. Unaanza kuona hata rangi ya gome.

#12 Kasuku Mweusi

Mnaishia kwenye mbao tu wakati kuna siasa hapo. Wakati wa Mapinduzi ya Ufaransa watu walipanda "miti ya uhuru" vijijini, na mpopla ulipendwa kwa sababu jina lake la Kilatini, populus, linafanana na neno la "watu", wananchi. Miti minne imesimama bega kwa bega inajiona majini: ni taifa linajitazama kwenye kioo. Miaka ishirini tu baada ya kushindwa vita na Wajerumani. Tafsiri ni hiyo.

#13 Mwalimu wa Jioni

La mti wa uhuru ni kweli, na wapo wanaozisoma picha hizi hivyo. Sikukatazi. Ila mimi tafsiri ya namna hiyo huwa naiuliza swali moja: inahitaji maji? Ukifuta nusu ya chini ya picha, "taifa" lako bado limesimama vilevile. Lakini picha yenyewe imekufa. Mtu aliyejitesa ndani ya boti kufukuzia dakika saba alikuwa na shida na mwanga na maji kwanza. Bendera tumeleta sisi baadaye.

Tena, alipozionyesha Paris, kwenye duka la picha la Durand-Ruel, Machi 1892, ziliwekwa kumi na tano pamoja, mipopla mitupu. Kwenye nyingine safu ya miti inajikunja kama nyoka kufuata kona ya mto, kwenye nyingine upepo, kwenye nyingine machweo. Mtazamaji wa siku ile hakuulizwa "mti huu ni ishara ya nini". Alikuwa anazungushwa saa baada ya saa mahali pamoja. Ukiwa na moja peke yake sebuleni una ukurasa mmoja wa daftari.

Kuhusu juu na chini, nadhani jibu ni hili. Maji hayanakili, yanachuja. Kitu cheupe kinaingia majini kikiwa kimefifia kidogo, kitu cheusi kinatoka kikiwa kimepauka kidogo. Anga la majini haling'ai kama anga lenyewe. Nusu ya juu ni mti, nusu ya chini ni habari za mti, na habari hazifiki zote. Ukigeuza picha, unaweka habari juu ya mti wenyewe.

#14 chaurongo

Mwalimu umeanza mashairi, dalili ya njaa hiyo.

Ila nikiri, nimekaa nusu saa naangalia vijiti vinne vya Mzungu badala ya kazi. Swali la kijinga: mbona sisi wachoraji wetu hawachori sura za miti majini?

#15 FundiFremu

Wapo wanaochora mandhari, wanauza kwa watalii. Ila Tingatinga nazitia fremu kila wiki na sijawahi kukosea. Mnyama mmoja katikati, nyuma rangi bapa, hakuna kivuli wala maji. Twiga kichwa anacho, unajua juu ni wapi.

Wakuu, mrejesho wa majaribio. Jana usiku nimechukua beseni, nikajaza maji. Mche wa sabuni nikauzamisha pembeni ukachungulia juu kidogo, ndio ukingo wa mto. Vijiti vinne vya mishikaki nikavichomeka ukingoni mwa sabuni, na viwili nikavichomeka nyuma, mbali na maji. Mke wangu anapita anatikisa kichwa tu.

Nikisimama wima: vijiti vya mbele vinaonekana majini vizima. Vya nyuma, sura zake zimekatwa, sabuni imezila chini, zimebaki ncha tu. Nikichuchumaa taratibu, vya nyuma vinaanza kurefuka majini. Nikilaza shavu sakafuni mpaka jicho liwe sawa na ukingo wa beseni, vyote sita vimesimama chini kama vilivyosimama juu. Mwalimu alichosema kuhusu boti nimekiona kwa macho yangu, shavu likiwa limelowa.

Halafu nikiwa nimesimama, maji ya karibu na miguu yangu naona rangi ya beseni hadi chini. Ya upande wa pili sioni beseni kabisa, naona dari.

#16 Bint Pangani

Ndiyo hivyo. Chini ya mtumbwi unaona samaki, mbele unaona mbingu.

#17 Mwalimu wa Jioni

Fundi, kwa jaribio hilo umefika alikokuwa anaelekea mwenyewe. Mwaka 1893 Monet alinunua kipande cha ardhi ng'ambo ya reli, mbele ya nyumba yake, akachimba bwawa. Maji yake aliyachepusha kutoka kijito kinachotoka mto uleule wa Epte. Wanakijiji waligomba, wakihofia mimea yake ya kigeni itatia sumu maji. Akaruhusiwa. Bwawa hilo ndilo alilolichora miaka iliyobaki ya maisha yake.

Michoro ya mwisho, ile mikubwa kama kuta, iko Paris, kwenye jumba la makumbusho la Orangerie. Ilifunguliwa 1927, miezi michache baada ya yeye kufariki Desemba 1926. Katika chumba cha pili kuna mmoja unaoitwa Sura za Miti Majini. Hauna ukingo wa mto. Hauna mti. Kuna maji matupu, na giza la samawati ndani yake ambalo unaelewa pole pole kwamba ni miti iliyosimama mahali fulani nje ya picha, pengine nyuma yako. Sasa rudi kwenye ile ya mzee: ule mstari mwembamba wa majani ndio pekee unaokushika mkono na kukuambia hapa nchi kavu, hapa maji. Mwaka 1891 alikuwa bado anatuachia mstari. Baadaye akauondoa.

#18 Kasuku Mweusi

Hapo umenipata. Siasa yangu naiweka pembeni kwa leo.

#19 FundiFremu

MREJESHO. Nimekwenda kumwambia.

Nimemkuta mzee barazani, shikamoo, marahaba, nikamweleza yote, tochi, kadi, saini. Hakukasirika. Alinyamaza, akaingia ndani, akasimama mbele ya ukuta mikono nyuma. Akasema, "Igeuze." Nikaishusha, nikaigeuza, waya sasa uko chini hauwezi kutundika, nikaiegemeza juu ya meza ya televisheni. Akarudi nyuma hatua tatu. Kisha akasema, "Hii ina jua. Ile ilikuwa magharibi." Nikamwonyesha kingo za vigogo alivyosema Bint Pangani, akavaa miwani, akasogea hadi pua ikagusa kioo, nikajua kioo nitakifuta upya.

Akaniuliza kama miti hiyo ipo mpaka leo. Nikamwambia ilikatwa, na kwamba mchoraji alilipa ili isubiri kidogo. Akauliza, "Alilipa shilingi ngapi?" Nikasema sijui. Akasema ningepaswa kuuliza.

Nikadhani yameisha. Mama akatoka jikoni, akatazama, akasema ile ya mwanzo ilikuwa nzuri zaidi, ilipatana na mapazia. Mzee akasema ndivyo ilivyochorwa. Mama akasema yeye ndiye anayekaa humo sebuleni mchana kutwa. Wakaanza kubishana kwa adabu ile ya watu waliooana miaka arobaini, mimi nimesimama katikati na bisibisi.

Nimeirudisha dukani. Nimekaza waya wa pili upande wa pili, kwa hiyo sasa inatundikika kote kuwili. Jana nimeipeleka. Sikukaa kuona wameitundika vipi.

#20 chaurongo

Na waya wa pili umewatoza?

#21 FundiFremu

Nimekula hasara, mkuu.

#22 Mlingoti

Fundi, nitafutie nakala kama hiyo na fremu yake, saizi ya mzee. Bei gani mpaka Njombe?

#23 FundiFremu

Njoo faragha mkuu. Waya mmoja au miwili?